Niliambiwa Alhamisi, Nikaenda Jumatano

Aibu hii nimeikalia miaka, na hata leo naisema kwa sababu tu fundi mwenzangu wa barazani ameanza kuisimulia kwa namna yake, anaongeza chumvi (eti nilikuwa uchi, jambo ambalo si kweli hata kidogo, kaptula ilichanika lakini ilikuwepo). Basi afadhali mnicheke kwa ukweli wangu kuliko kwa uongo wake.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, nami nilikuwa nashona nguo kwenye baraza ya duka moja pale Singida mjini, kijana wa Kinyaturu kutoka Mtinko, nina baiskeli yangu mwenyewe, nyeusi, yenye kengele na keria, na siku hizo mtu mwenye baiskeli hakuwa wa kuambiwa neno. Nilikuwa na mchumba, Mariamu, mtoto wa Waisanzu wa upande wa Mkalama, tulijuana alipokuja mjini kumuuguza dada yake. Baba yake hakuwa na shida na mimi. Shida ilikuwa mama. Mama alimwambia mshenga wangu, Mzee Kitundu, bila kuficha, kwamba vijana wa mjini hawana adabu na yeye binti yake hampi mtu asiyejua kuheshimu. Hata hivyo wakakubali niende wanione, nipeleke na kaniki ya mama, maana kwao bila nguo ya mama hakuna neno litakalofunguliwa. Na wakaagiza: asije kabla ya Alhamisi.

Sababu hawakusema. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, na sitaki mtu aniambie nitulie. Mtu ukimkataza jambo si unamwambia na sababu? Mimi nikadhani wanataka muda wa kupika pombe na kufagia uwanja, nikasema haya, Alhamisi nitakuwa kwao, lakini Jumatano ni yangu.

Sasa Jumatano nilitaka ya nini? Hapa mtanicheka, chekeni. Kulikuwa na Mzungu mmoja niliyemshonea kaptula mbili za kaki, yeye kazi yake ilikuwa kuzunguka na baiskeli akitazama mambo ya kale, leo michoro ya mwambani, kesho boma la Mjerumani kule Mkalama, anarudi amejaa vumbi na furaha. Nikajiuliza, boma lile mawe yake si aliyabeba baba yangu kichwani, akichapwa juu yake? Mbona Mzungu akalitazame na mimi nisilitazame? Nikakata kitambaa kilichobaki, nikajishonea kaptula ya namna ileile, nikaondoka Jumanne. Suruali yangu ya heshima niliifunga kwenye keria pamoja na kaniki ya mama mkwe, ambayo nilikuwa nimeipinda pindo kwa mishono miwili ya uzi mwekundu, kazi ambayo kwa Singida nzima aliifanya fundi mmoja tu, na fundi huyo mnamjua.

Nililala njiani, na Jumatano mapema nikafika bomani. Nikaweka kiganja ukutani, nikayatazama yale mawe, na nasema kweli, nilimwonea baba yangu huruma ambayo nilikuwa sijawahi kumwonea. Ningegeuka hapo nikajilaza kivulini mpaka Alhamisi, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini kaptula ilikuwa mpya na asubuhi ilikuwa ya baridi, nikasema acha nizunguke na vijiji, niitazame nchi ya wakwe kabla haijanitazama.

Mwaka ule mvua ilikuwa imechelewa vibaya sana, mtama ulipandwa ukafia ardhini. Nikaendesha katika vumbi hilo kijiji cha kwanza, cha pili, sioni mwanamume hata mmoja barabarani. Ng'ombe wanalia zizini na jua limeshapanda, hakuna wa kuwatoa. Majembe yamelala, milango ya tembe imefungwa. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikajiambia habari za baiskeli zimenitangulia, wamenipisha. Mzee mmoja akatoa mkono kwenye upenyo wa mlango akaupunga kwa nguvu, nami nikampigia kengele mara tatu, kumrudishia salamu!

Na kibaya zaidi, mimi ni Mnyaturu, hata kwetu wanawake wana siku zao ambazo mwanamume anakaa ndani na kunyamaza, nimekua nikilijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Mvua ikigoma, Waisanzu huwaachia wanawake jambo hilo. Wanatoka wote, wanaimba nyimbo ambazo siku nyingine haziimbwi, wamevaa wanavyovaa siku hiyo tu (yaani hawakuvaa, na hapo nafunga mdomo), na njia zote zinakuwa zao. Hayo yote niliyajua. Yalikataa tu kunijia kichwani, kichwa kilikuwa kimejaa kengele.

Nilikuwa nateremka kilima kidogo, kasi imekolea, niliposikia nyimbo. Nikafikiri ni harusi, nikafurahi hata. Nikakata kona, na pale mbele yangu njia imejaa wanawake toka ukingo mpaka ukingo.

Jamani, ningefanyaje? Breki zilikuwepo, lakini nilichofikiri kwanza si breki, nilifikiri macho. Nikaachia usukani nikajiziba uso kwa mikono yote miwili, na baiskeli, ilipoona imeachwa ijiamulie, ikaacha njia ikaingia kwenye ua wa manyara, mimi juu yake. Anayeyajua manyara anajua ule utomvu mweupe. Uliniingia machoni, na kuanzia hapo hata ningetaka kutazama nisingeweza.

Wakanivuta nje ya ua kwa miguu. Wakaniamuru nilale kifudifudi, wakanichapa kwa matawi mabichi huku wakiniimbia, na katika wimbo ule kaptula yangu ilitajwa, na miguu yangu ilitajwa, na hayo mengine sitayasema mbele yenu. Wakauliza mimi ni nani. Nikasema ni mshona nguo kutoka Singida, nikachekwa mpaka nikatamani ardhi inimeze. Mmoja wao mwenye sauti nzito akasimama karibu na kichwa changu.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, mama. Nimefumba."

"Endelea kufumba."

Nikasikia kamba ya keria inafunguliwa. Wakachukua bunda lote, suruali na kaniki, na uso wangu uko vumbini. Nikalala hivyo mpaka nyimbo zikapotea kabisa, nikanyanyuka napapasa kama kipofu, gurudumu la mbele limepinda na kaptula imechanika nyuma toka juu mpaka chini (kwa mshono wangu mwenyewe, ndicho kinachoniuma). Nikasukuma baiskeli mpaka kwa yule mzee wa mlangoni. Akaniosha macho kwa maziwa, akaniambia taratibu kwamba alikuwa ananipungia nirudi.

Alhamisi nikaenda ukweni kwa miguu, macho mekundu, nimevaa suruali ya kuazima iliyoishia katikati ya muundi, mikono mitupu. Mzee Kitundu alikuwa ameshafika. Aliponitazama alifumba macho kidogo, kisha akanisogelea akaninong'oneza, kaniki iko wapi. Nikamwambia imepotea njiani. Akasema basi, tumekwisha.

Na mimi ningejitetea vipi? Mambo ya siku ile hayasemwi, wala na waliofanya wala na aliyefanyiwa, na mwanamume akiyasema mbele ya wakwe ndiyo amejimaliza kabisa. Yaani nimechapwa, nimeibiwa, na ni mimi wa kunyamaza! Nilikaa pale kwenye kigoda nimechemka, nikimwaza Mariamu aliyekuwa ndani anasikiliza, na ile safari yote ya kuonyesha adabu imeniishia hivi.

Baba mkwe akapokea shikamoo yangu vizuri, akauliza habari za njia. Nikasema nzuri. Akasema jana yeye hakutoka, hivyo hajui habari za njia. Halafu akakohoa, akamgeukia mshenga.

"Mzee Kitundu, kabla hatujafungua neno. Nguo ya mama iko wapi?"

Mzee Kitundu akatazama chini. Mimi nikafungua mdomo niseme imepotea njiani, na hapohapo nyuma ya ukuta wa tembe, upande ambao mkwe hamwoni mkwe, ikatoka sauti nzito.

"Imeshafika. Endeleeni."

Nikaitambua sauti ile kwa mgongo kabla ya masikio. Na alipopita kwa mbali kuelekea jikoni, kichwa ameinamisha kama inavyompasa mama mkwe, nami nimegeuza uso kama inavyonipasa, niliona chini tu, kwenye vifundo vya miguu yake, pindo la kaniki lenye mishono miwili ya uzi mwekundu.

Walinipa Mariamu. Nilirudi Singida nimebeba baiskeli kichwani, maana Ijumaa mvua ilinyesha na tope halikuruhusu gurudumu lililopinda, na njia nzima watu walikuwa wanaishukuru mvua, hakuna aliyenishukuru mimi. Mariamu aliniambia baadaye sana kwamba mama yake alisema neno moja tu juu yangu: mtu aliyekubali kuanguka kuliko kutazama, huyo apewe. Sawa, nimeshukuru. Lakini suruali yangu ya heshima haijarudi mpaka leo, na sina mtu wa kumwuliza.

Tangu siku hiyo nimeapa, nikiambiwa Alhamisi nitakwenda Alhamisi, na nikiikuta barabara haina mwanamume hata mmoja, sitadhani nimepishwa. Nitashuka kwenye baiskeli, nitabisha hodi nyumba ya karibu, nami nitaingia ndani nikakae na wenzangu.