Chumba cha Zuwena

Usiku ule Bi Nasim hakulala. Alikaa kwenye ngazi, karibu na simu, kanga mbili mabegani, akisubiri habari za Zuwena, bintiye wa pekee, aliyepelekwa hospitali kujifungua tangu magharibi. Saa kumi na moja alfajiri simu ikalia. Alikuwa Jaffar, mkwewe.

"Mama, mtoto wa kike. Wote wazima."

Bi Nasim akapiga kigelegele, kisha akawakumbuka majirani, akajiziba mdomo kwa kanga.

"Ijumaa wanatoka," Jaffar akaendelea. "Lakini usikasirike, mama. Nyumba yako baridi, na ule moto wako unarudisha moshi. Kama chumba cha Zuwena hakijatengenea, nitawapeleka kwa mama yangu, Lewisham."

Bi Nasim aliondoka Unguja mwaka mmoja baada ya mapinduzi, na Zuwena wa miaka kumi mkononi. Sasa ilikuwa mwaka 1974, anapika katika shule moja hapo Kenton, ughaibuni, na baridi bado anaiogopa kuliko mwizi. Ila mzazi wa mimba ya kwanza hukandwa na mama yake, na arubaini huikalia kwa mama yake. Zuwena akipelekwa ukweni, yeye ataambiwa ameshindwa kumlea mwanawe.

Kulipokucha akampigia Surinder, Kalasinga mzaliwa wa Nakuru, msafisha dohani, zile njia za moshi zinazotokea paani. Alikuja na brashi zenye mipini ya kuunganisha, akatandika shuka kuukuu mbele ya meko ya ukutani, chumbani mwa Zuwena.

"Mama, hii ilisafishwa lini?"

"Mie nazoa jivu kila siku."

"Si jivu. Huko juu."

Bi Nasim akainama kuchungulia mekoni. Hakuwahi kufikiri kwamba huko juu nako kunafagiwa.

Brashi zikapanda. Yakaanguka masizi, halafu vijiti, halafu kiota kizima cha ndege.

"Kumbe una wapangaji," akasema Surinder.

"Nyie watu wa bara mna maneno."

"Na nyinyi wa pwani mna matambara." Alikuwa amepiga magoti pembeni, akichomoa vitambaa kwenye tundu la hewa ukutani. "Nani ameziba hapa?"

"Mie. Panaingiza baridi."

"Hamuumwi na vichwa humu?"

"Tunaumwa, hata mkwe wangu akija. Mie nilidhani ni mawazo."

Surinder akaacha utani. "Mama, moto ukikosa hewa, na dohani imeziba, moshi unabaki na nyinyi. Ndani yake mna sumu isiyonuka wala kuonekana. Mtu mzima ataumwa kichwa. Mtoto mchanga anaweza asiamke."

Bi Nasim akakaa kitako. Kisha akauliza polepole, "Na chungu cha makaa chini ya kitanda cha mzazi? Mama yangu alinifanyia hivyo."

"Kwenu madirisha yalikuwa wazi. Humu usithubutu."

Surinder akawasha mekoni kidonge cha moshi cha kupimia dohani, wakatoka barabarani, vichwa juu. Moshi ulitoka dohanini, ukapanda wima. Waliporudi ndani, chumbani haukuwamo hata kidogo. Kabla ya kwenda zake akamwonya asichome mbao zilizopakwa rangi, na jivu la moto alitie kwenye ndoo ya bati, nje.

Siku tatu Bi Nasim aliuchunga moto ule kama anachemsha maziwa. Alinunua wavu wa chuma wa kuzuia cheche, akaweka kiti mbele ya moto, akaukodolea macho hata ulipokuwa haufanyi kitu.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda hospitali, Jaffar alipita kukagua. Akakaa nusu saa kando ya meko, akisubiri kuona kama kichwa kitamuuma. Bi Nasim alimtazama uso.

"Haya, mama, tutaonana," akasema, akaondoka.

Wapi, hapa au Lewisham, hakusema. Bi Nasim alichemsha maji ya kukandia, yakapoa, akayachemsha tena. Alasiri gari likasimama nje. Kitasa kikageuka, mlango ukafunguka, na Zuwena akaingia kinyumenyume, mtoto kifuani, akiukinga upepo kwa mgongo.