Chui wa Baba na Mtutu Mwembamba

Baldev Singh hakupenda kupimwa. Macho yake yalipoanza kumdanganya, aliona heri aache udereva wa basi kuliko kukaa mbele ya daktari na kusomeshwa herufi ukutani. Fundi cherehani wa Soho Road alimshonea makoti kwa kukisia, na koti likimbana, lawama zilikuwa za fundi. Marehemu mkewe alizoea kusema kwamba ameolewa na mlango uliovimba kwa mvua: ukiusukuma haufunguki, ukiuvuta ndiyo kabisa.

Kitu kimoja tu alikipenda bila ugomvi, nacho ni bunduki. Ilikuwa ya Kijerumani, ya mwaka 1888. Babu yake, askari kutoka Punjab, aliiteka vitani Tanganyika, ikamfikia baba yake Kisumu, kisha ikaja Handsworth, Uingereza, na vibali vyake vyote. Ukutani sebuleni ilitundikwa ngozi ya chui. Mpaka anakufa, baba alisimulia jinsi alivyomwangusha chui huyo kule Nandi kwa bunduki hiyo hiyo, kwa risasi za kawaida za dukani. Baldev naye aliirithi hadithi, akawasimulia wanawe, abiria wake, na yeyote pale gurdwara, hekalu lao la ibada, aliyekosa pa kukimbilia.

Jumapili iliyokuwa ikija ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha baba. Baldev alitaka kuifyatua bunduki kwenye uwanja wa shabaha, dada yake Narinder akishuhudia, ili hadithi isikike kwa mlio wake. Akanunua boksi la risasi mpya, akalipeleka pamoja na bunduki Digbeth, kwenye chumba cha klabu ya shabaha chini ya matao ya reli. Alidhani ataitikiwa kwa kichwa tu, aondoke. Akamkuta Beverly Achieng.

Achieng alikuwa muuguzi katika upasuaji wa mikono, na klabuni ndiye aliyesimamia usalama. Naye, kama Baldev, alizaliwa Kisumu. Hilo halikuwapatanisha, liliwapa tu lugha ya kugombania.

"Hizi hupigi," Achieng alisema, akilisukuma boksi upande wa pili wa meza.

"Kwa nini, sista? Soma. Jina ni lile lile."

"Jina ni lile lile, na zitaingia vizuri kabisa. Hapo ndipo ubaya ulipo. Bunduki za kwanza za aina hii zilikuwa na mtutu mwembamba. Baadaye, kabla hata ya vita vya babu yako, Wajerumani wakapanua mtutu na kunenepesha risasi. Hizi za leo ni nene, na baruti yake ni kali. Risasi ikibanwa, moto unatafuta pa kutokea. Utatokea usoni kwako, Mzee."

"Baba yangu alipiga chui na risasi za duka."

"Nimesikia. Hapa hakuna asiyesikia."

"Unamwita mwongo?"

"Mimi sijamwita kitu. Tupime mtutu."

"Bunduki ya babu haipimwi na mtu wa juzi!"

"Basi Jumapili utaibeba tu kama mwiko wa ugali. Mimi kazi yangu ni kushona vidole vya watu. Vyako sitaki kuviona mezani."

Arnold, mwenyekiti wa klabu, Mwingereza mpole aliyekuwa akichemsha chai, aliuliza kama kuna tatizo. Wote wawili wakamjibu kwa Kiingereza kwamba hakuna, kwa sauti moja, kama mke na mume.

"Pima," Baldev akasema. "Pima, halafu uniombe msamaha mbele ya huyu mzungu."

Walihakikisha bunduki haina kitu ndani. Achieng akapaka mtutu mafuta, akaweka kwenye mdomo wa mtutu kipande cha madini laini ya kutengenezea risasi, akakigonga taratibu kwa nyundo ya mbao na fimbo ya shaba. Kila pigo Baldev alilisikia kwenye meno. Kipande kikatokea upande wa pili, kimechorwa mistari ya ndani ya mtutu. Achieng akakibana kwenye maikromita, chombo cha kupimia unene, kisha akamkabidhi Baldev.

"Soma mwenyewe."

Baldev akasogeza chombo karibu, akakisogeza mbali. Hakuona kitu. Arnold ndiye aliyemsomea: milimita nane nukta sifuri nane.

"Za boksi ni nane nukta mbili mbili," Achieng akasema.

"Hiyo tofauti ni nywele mbili!"

"Ndiyo. Katika chuma, nywele mbili ni nyingi."

Arnold akasema kuna mwanachama anayetengeneza risasi za kipimo cha zamani, zenye baruti ndogo.

"Uji huo," Baldev akasema. "Chui hafi kwa uji."

"Huyo chui," Achieng akauliza, "tundu la risasi liko wapi?"

Aliuliza kwa ukali wa kawaida, bila kujua alichogusa. Baldev akajikuta mtoto tena, amesimama juu ya kiti, akipitisha vidole kwenye manyoya yale, akitafuta mahali risasi ilipoingia. Alitafuta kifuani, akatafuta shingoni. Baba alipomkuta, alimshusha kwa kofi na kumwambia kwamba mwindaji hodari hupiga jichoni. Macho ya chui yule yalikuwa ya kioo. Tangu siku ile Baldev hakutafuta tena, na hakumruhusu mtu mwingine kutafuta.

Akaifunga bunduki kwenye mfuko wake, polepole. Boksi la risasi akaliacha. Alipofika mlangoni akageuka.

"Andika kwamba Jumapili sipigi."

"Niandike sababu gani?"

"Andika mtutu ni mwembamba." Juu yao treni ikapita, vikombe vikalia. "Baba usimwandike. Na usinicheke."

"Sijacheka, Mzee."

"Ulitaka."

"Kidogo," Achieng akasema, akachukua kalamu.