Bi Uzi na Koti la Muuaji

Ukitaka kumuudhi Bi Uzi, mwambie apumzike. Miaka na miaka alishona sare kiwandani, na kiwanda kilipofungwa akahamia kwa mwanawe, ambako mkwewe alimpokea kwa heshima zote. Akishika ufagio, "Mama, pumzika." Akigusa sufuria, "Mama, jamani, pumzika!" Nguo ikipasuka inatupwa, inanunuliwa nyingine. Basi mama wa watu akawa anakaa kitini sebuleni kama mgeni aliyeachwa na gari. Anakula, anashiba, na anajiona hafai kitu.

Mkwe huyo kazi yake ni kuwapamba waigizaji. Siku moja fundi wa mavazi wa filamu waliyokuwa wakiitengeneza akaugua ghafla, na mkwe, maji yakiwa yamemfika shingoni, akamkumbuka mama mkwe wake. "Ni siku chache tu, Mama. Ila usiniaibishe, nimekudhamini mimi." Bi Uzi hakungoja kuambiwa mara mbili. Alibeba kopo lake la vifungo, akatangulia mlangoni.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kuchekesha, ingawa ndani yake mtu ameuawa. Tajiri mmoja mkorofi amekutwa amekufa kwenye zulia, na nyumba imejaa jamaa zake, kila mmoja na sababu yake ya kumtakia mabaya. Mpelelezi ni bwana mnene anayejali zaidi kitakacholiwa mchana. Muuaji ni nani? Hata waigizaji hawakujua. Mwongozaji aliificha siri hiyo moyoni, maana alitaka siku ya kufichuliwa washtuke kwelikweli.

Sasa sikia. Jioni ya kuamkia siku hiyo, mwongozaji alinyata mpaka chumba cha mavazi, akanyofoa kifungo kwenye koti la mpwa wa tajiri, asimwambie mtu. Kifungo hicho ndicho kingekutwa mkononi mwa maiti. Asubuhi Bi Uzi akaja kupitia nguo moja moja, kama alivyozoea kiwandani. Akaliona koti. "Ala! Mtoto wa watu atatokaje hivi?" Akapekua kopo lake, akapata kifungo kinachofanana na vile vingine kama pacha, akakishona kwa uzi maradufu. Akalirudisha koti mahali pake, roho yake kwatu.

Kamera zikawashwa. Mpelelezi akafumbua ngumi ya marehemu, akakiinua kifungo juu. "Muuaji," akanguruma, "ni yule ambaye koti lake limepungukiwa na hiki!" Akapita mbele ya washukiwa, koti baada ya koti. Yote yamekamilika. Akarudia tena, taratibu, akigusa kila kifungo kwa kidole. Mwishowe akajikuna kichwa. "Jamani, mbona hapa hakuna muuaji?"

"Haiwezekani!" Mwongozaji akaruka kutoka kitini, akamkamata mpwa ukosi wa koti. "Hapa hapakuwa na kitu! Nilikinyofoa mwenyewe!" Kisha akajishika kichwa. Kwa mdomo wake alikuwa amewatajia wote muuaji. Hapo ndipo alipowaka kweli. "Nani ameshona kifungo hiki? Ajitokeze, achukue kilicho chake, aende nyumbani!"

Nyumbani! Kule sebuleni, kwenye kile kiti. Bi Uzi akalikumbatia kopo lake la vifungo.

Kabla hajafungua kinywa, sauti ikasikika kando yake. "Ni mimi." Alikuwa mkwewe, brashi ya poda mkononi, binti ambaye tangu azaliwe hajawahi kutunga uzi kwenye sindano. Watu wakatazamana. Ukweli waliujua wote, kwani hakuna pale ambaye Bi Uzi hakuwa amemshonea kitu.

"Aa, ni mimi," akasema mpwa.

"Nami nilisaidia," akadakia mpelelezi.

Na kule kwenye zulia, maiti ikanyoosha mkono. "Na mimi pia."

"Marehemu, lala!" akafoka mwongozaji.

Machozi yakamlenga Bi Uzi. Hajapata kutetewa hivyo maishani mwake. Lakini mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Akasogea mbele, sindano ikiwa imechomekwa kifuani. "Mwanangu, Mungu akulipe, ila usinibebee. Ni mimi, bwana. Nguo isiyo na kifungo siwezi kuipita, hata ikiwa ya muuaji."

Mpiga picha akaangua kicheko. Kumbe kamera yake hakuizima! Mwongozaji akaenda kutazama, amenuna. Akamwona mpelelezi anavyohaha, washukiwa walivyoduwaa bila kuigiza, na mama huyu na sindano yake. Midomo ikaanza kumcheza, kisha akacheka mpaka akaketi sakafuni. "Hakuna anayekwenda nyumbani," akasema akijifuta macho. "Mama, maneno yako tunayaacha vilevile. Fundi akisema ni koti la nani alilolishona, hivyo ndivyo muuaji atakavyokamatwa."

Njiani wakirudi, Bi Uzi akamuuliza mkwewe kwa nini alijitia kitanzini.

"Niliuona uso wako aliposema uende nyumbani," akajibu yule binti, macho chini. "Nikasema moyoni, kumbe nyumbani kwangu ndiko Mama anakokuogopa." Bi Uzi akamshika mkono, wakatembea hivyo mpaka mlangoni.

Kesho yake hapakuwa na kazi ya filamu. Bi Uzi alikuwa ameketi kwenye kile kiti chake, mkwe akaingia amekumbatia furushi: mashati ya mume, sketi za shule, shuka lililochanika, vitu ambavyo safari hii havikutupwa. Akaliweka mapajani mwa mama mkwe wake. "Mama, samahani. Leo usipumzike kwanza."

"Ahsante, mwanangu," akasema Bi Uzi. Akalifungua lile furushi, akainua macho dirishani. "Lete na hilo pazia."