Mbwa Asiye na Kengele

Nyumba yangu njo ya kwanza yenye etaje, ghorofa kabisa, katika avenyu yetu, na matofali yake nilichoma kwa mikono hii. Masomo niliyaachia darasa la tatu. Leo wenye diploma wanakuja kuniomba kazi kwenye depo yangu ya simenti, karibu na stesheni ya gari la moshi. Mke na watoto wako Kinshasa. Vyumba vyote vile, mimi nalala kimoja.

Wakati wa vita mji ulifungwa pande zote. Treni haikuja, mashua haikuja, watu wakakimbilia misitu ya Kailo. Mimi nilibaki, nikilala ndani ya behewa tupu. Siku moja akaingia mbwa wa mwindaji, na kengele ya mbao shingoni, ile wanayofungiwa mbwa wa huku ili wasikike porini. Kengele ile ingetuletea askari. Nikaijaza majani makavu, ikanyamaza. Tukala sombe, majani ya muhogo, isiyo na chumvi, yeye na mimi, na mazungumzo yangu yote ya wakati ule niliongea naye.

Watu walipotoka msituni, mwenyewe, yule mwindaji, alifika. Alichomoa majani ndani ya kengele, akapiga mluzi. Mbwa akamfuata, nikasikia ko-ko-ko mpaka ikapotelea sokoni. Sikulia. Mtu kama mimi halii. Ila nilisema: mbwa, basi tena.

Huyu wa sasa, mwekundu, sikio limepasuka, alijileta mwenyewe mlangoni pa depo. Mifupa namtupia, lakini watu wakiuliza nasema si wangu.

Halafu wakaja watu wa mifugo kupima damu ya mbwa wa mitaani. Kuna bakteria, walisema, inatoka kwenye mkojo wa mbwa na wa panya, inaingia kwenye maji, inaharibu figo za watu. Mbwa mwenye mwenyewe akikutwa nayo, anapigwa sindano za dawa na kufungiwa nyumbani. Asiye na mwenyewe, wanamuua kwa sindano nyingine.

Nani amshike? Wapakizi wangu Waislamu hawataki mate yake, wengine wanaogopa meno. Nikamshika mimi. Mama veterineri akanyoa manyoya ya mguu, akavuta damu, akadondosha tone kwenye kipande cha plastiki.

“Patron, anatulia kwako kama mutoto. Njo wako?”

“Wangu? Mie niko na kamyo mbili za kubeba simenti, mbwa nitamufanya nini?”

Muuza ndizi wa pale mlangoni pa depo akadakia: “Usimusikilize, mama! Kila asubui anamusalimia huyo mbele ya kutusalimia siye!”

Wapakizi wakacheka. Kwenye plastiki ukatokea mstari, kisha wa pili. Veterineri akainua macho.

“Iko nayo. Sasa sema vizuri, papa. Hana kamba, hana kengele. Iko na mwenyewe ao hapana?”

Mwenzake alishaanza kutayarisha ile sindano nyingine.

Nikafungua mkanda wangu, wa ngozi kabisa, nikamfunga mbwa shingoni. Suruali nikaishika kwa mkono.

“Dawa yake inaanza lini?”

“Leo. Na alale ndani, pa simenti, panaposafishwa.”

“Vyumba viko.”

“Patron, suruali!” muuza ndizi akapiga kelele, lakini tulishaondoka. Jioni ile kucha zake zilisikika kwenye ngazi zangu, moja moja, mpaka juu.