Mkono wa Kushoto wa Mwenze

Mwenze alipopatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ulilala na haukuamka tena. Daktari alimwambia ashukuru kuwa hai. Alishukuru, lakini kuziona zana zake za kuvulia zikikaa bure juu ya kabati kulimuuma kuliko mkongojo aliotembelea.

Mwishoni mwa Novemba mvua ilikatika, anga ikatakata, baridi ikang'ata masikio. Asubuhi hiyo akazishusha zana.

"Na hii baridi, papa?" mkewe Victorine akashangaa. "Ukianguka mu maji, alors nitaambia batoto nini?"

"Utabaambia baba yabo alienda kuvua."

Victorine akavaa koti, akamfuata.

Kwenye mfereji, nyuma ya maghala ya Anderlecht, huku Ulaya, walimkuta Philbert, mvuvi mwenzake kutoka Mwanza, akifungasha.

"Mzee Mwenze, leo hakuna kitu. Baridi na jua hivi, maji yametakata, samaki wanatuona mpaka kope. Perche wote wamezama chini, hawataki kula."

Perche ni ndugu mdogo wa sangara, mwenye mistari myeusi ubavuni. Mwenze aliwajua. Maji yakipoa, perche hafukuzi windo. Chakula lazima kimfikie mdomoni, polepole.

"Wewe rudia kwako, ndugu. Mimi nabakia."

Akachagua ukuta wa mawe uliokuwa umeota jua tangu asubuhi, kwani hapo maji hupata joto kidogo. Akarusha kwa kushoto. Mshipi ukaanguka miguuni pake. Akarusha tena, ukanasa kwenye chuma cha ukingo. Victorine akanyoosha mkono.

"Acha, maman."

Akaunasua mwenyewe, jasho likimtoka kwenye baridi ile. Safari hii chambo kikazama kando ya ukuta. Akabana fimbo ya kuvulia kwapani, akaanza kuzungusha kigurudumu cha uzi kwa mkono ambao haukujua mwendo mwingine ila wa taratibu.

Muda ukapita. Kisha uzi ukawa mzito, kama nguo iliyolowa. Hakuna kushtuka, hakuna kuvuta. Mwenze hakuharakisha. Akazungusha, akapumua, akazungusha, mpaka mapezi mekundu yakang'aa juu ya maji.

Victorine alipiga magoti kwenye mawe, akamdaka samaki kwa mikono miwili, akipiga kelele kama msichana. "Mwenze! Ni mukubwa, bwana!"

Mwenze alimtazama yule samaki kwa muda, machozi yakimlenga. Akamrudisha majini.

"Tia chambo ingine," akasema. "Jua ingali iko."