Bei Isiyo na Mkono: Habari za Delmar Stidham

Delmar Ray Stidham ni mwana wa Orville Stidham, yule aliyemuuza mbwa mmoja wa kuwindia kwa watu watatu, kwa kuwa mbwa alijua njia ya kurudi nyumbani. Orville naye alizaliwa na Green Stidham, aliyekataa kuuza mialoni ya mlima wake akingoja bei ipande. Akangoja, akangoja, mpaka moto wa msituni ukaichukua bure. Wanawake wa ukoo huo siwataji, maana walikuwa na akili zao. Delmar mwenyewe aliendesha duka hapa bondeni Laurel Fork, Kentucky, tangu ujana wake mpaka barabara kuu mpya ilipomwondolea wateja. Alikuwa akiuza maziwa ghali kuliko mjini, kisha anataka umshukuru kwa kukupunguzia safari. Nilisoma naye katika shule ya chumba kimoja mpaka darasa la nane. Hata wakati ule alikuwa akikodisha penseli.

Duka lilipokufa, vitu vilivyobaki alivirundika stoo. Humo ndimo alimookota kaseti ya gemu ya watoto ya kuchezea kwenye televisheni, ya sungura anayekimbizana na radi, ingali ndani ya boksi lake na nailoni yake haijachanwa. Ilikuwa imekaa rafuni tangu watoto wangu hawajaoa. Hakuna mtoto wa bonde hili aliyewahi kuitaka. Delmar akaitafuta kwenye soko la mtandaoni la wanaokusanya vitu vya zamani, akaona mtu anaomba dola elfu kumi na mbili kwa kaseti kama hiyo hiyo.

Mtu mwenye akili timamu angejiuliza: je, kuna aliyezitoa? Delmar hakujiuliza. Alivaa koti lake la Jumapili akaenda kanisani.

Sasa, kanisa letu lilikuwa limefiwa na mtambo wake wa kupasha joto majira ya kuchipua, na tulikuwa tumeanza kuchanga. Wakati wa ushuhuda Delmar akasimama, mikono ameshika benchi la mbele kama nahodha.

"Ndugu zangu," akasema, "mtu asitoe tena hata senti. Rudisheni mlichokusanya. Mtambo mpya nitanunua mimi, kabla ya baridi."

Watu wakaitikia amina mpaka vioo vikatetemeka. Mkewe Verlene, aliyekaa pembeni yake, alimtazama kama mtu anayetazama paa la nyumba yake likibebwa na upepo. Na kweli michango ikarudishwa. Tangu siku ile joto la kanisa zima, pamoja na jina la Delmar, vilining'inia kwenye boksi la sungura.

Nilimfuata kibarazani kwake.

"Delmar, bei ya kuomba si bei. Hata mimi naweza kuombea kuku wangu milioni."

"Dada Ova, mambo ya mtandao wewe huyajui."

"Mtandao siujui. Ila nimeuza ndama. Ndama hauzwi mpaka mtu atoe mkono mfukoni."

"Ndama ni ndama," akanijibu, "na hii ni kumbukumbu ya kihistoria."

"Basi ipeleke makumbusho uone kama watakupa hata kahawa," Verlene akasema kutoka jikoni.

Tangazo lake alinisomea kwa majivuno, kidevu juu: *Sungura wa radi, hajafunguliwa. Dola elfu kumi na tano. Bei haipungui. Usiniulize kama bado ipo. Usinipotezee muda. Najua nilicho nacho.* Nikamwambia hilo si tangazo, hilo ni kumfukuza mtu ambaye bado hajaja.

Lakini mmoja alikuja. Bwana mpole wa Lexington, mwenye miwani, aliendesha gari asubuhi nzima kuja kuiona. Alilishika boksi kwa ncha za vidole kama anayeshika kifaranga, akaligeuza, akasema, "Mzee, ni nzuri sana. Nakupa mia sita, taslimu."

"Mia sita?" Delmar akafoka. "Kijana, umeona zinauzwa shilingapi huko?"

"Nimeona zinaombwa shilingapi, mzee. Zilizouzwa ziko ukurasa mwingine. Hazivuki mia sita."

"Ondoka uwanjani kwangu kabla sijakufungulia mbwa!"

Mbwa mwenyewe alikuwa amelala miguuni pa mgeni akikunwa sikio. Yule bwana aliaga kwa adabu, Verlene akamfungia kipande cha mkate wa mahindi wa njiani, akamwomba namba ya simu. Mwanamke yule anaona mbali.

Baada ya hapo yakaanza maajabu. Yule mwenye tangazo la elfu kumi na mbili alipanda akawa elfu kumi na nane. Delmar akapiga kofi paja: "Mnaona? Soko linapanda!" Akapanda ishirini. Mwenzake akapanda ishirini na tano. Delmar thelathini. Kila asubuhi anatufuata hata kwenye bustani za maharage kututangazia jinsi alivyotajirika usiku, na suruali ni ile ile yenye kiraka. Walipofika elfu arobaini, majani ya milimani yalikuwa yameanza kuwa mekundu. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wakiimba ndani ya makoti, na bibi Icy Napier, mkongwe kuliko sote, alishakatazwa na binti yake kuja kanisani kwa sababu ya kifua chake.

"Nitakwenda kumwona huyo muuzaji mwenzangu," Delmar akasema. "Anisaidie kujua anauzaje."

Kwa kuwa tangazo lilionyesha anakaa Virginia, ng'ambo tu ya mlima, Verlene aliendesha gari nami nikaketi nyuma. Nisingeikosa safari hiyo kwa lolote.

Tulimkuta mzee mmoja, Hobert Ratliff, dereva mstaafu wa basi la shule, ameketi sebuleni. Sungura wake yuko juu ya televisheni, amefunikwa kitambaa cha kufumwa. Delmar alipojitaja, yule mzee aliruka kitini akamkumbatia.

"Ni wewe! Ni wewe wa elfu arobaini! Kaa, kaa. Hebu niambie, ndugu yangu, hao wanunuzi wako unawapata wapi?"

Delmar akajitoa kwenye kumbatio. "Nimekuja kukuuliza wewe."

"Mimi? Mimi nilikuwa napandisha kwa sababu wewe unapandisha!"

"Na mimi ni kwa sababu yako!"

"Ee Mungu," Verlene akasema, "kumbe ni majogoo wawili wanawika, na hakuna hata kuku mmoja uani."

Nilicheka mpaka mke wa Hobert akaniletea maji. Tuliporudi nyumbani Delmar alimwambia mkewe, kwa sauti ya chini kabisa, ampigie yule bwana wa Lexington. Bwana akajibu kwa upole ule ule: "Samahani, mama. Nimeshapata nyingine."

Ikafika jioni ya mnada wa pai, ambao fedha yake huenda kanisani. Kwetu sheria ya mnada huo ni ya zamani kuliko kanisa lenyewe: kinachowekwa juu ya meza kinauzwa kwa mkono wa mwisho ulioinuka, na mwenyewe haruhusiwi kukirudisha. Kwa hiyo Delmar alipomweka sungura wake kati ya pai, ukumbi mzima uligeuza shingo. Lowell Napier, mwana wa bibi Icy, aliyekuwa dalali wa tumbaku, akaanza kwa ulimi wake wa mashine.

"Nani ataniambia elfu? Elfu moja? Mia tano? Jamani, mia? Hamsini, nani hamsini?"

Sungura akaenda kwa daktari mmoja wa meno kwa dola themanini na tano. Iliyofuata ilikuwa pai ya tufaha kavu ya Verlene, ikaenda kwa tisini. Sikumtazama Delmar. Hata dharau ina kipimo chake.

Lakini alisimama. Akatoa mfukoni funguo za trekta lake jekundu, lile ambalo bonde zima huliazima kulimia, akaziweka mezani bila kutaja bei yoyote. Hapo ndipo mikono ilipoinuka. Iliinuka kila upande, Lowell akashindwa kuifuata kwa macho, na alipogonga meza fedha ya mtambo ilikuwa imetimia, pamoja na ya fundi.

Jumapili tuliyoketi kwenye joto, bibi Icy yuko mbele amevua hata kitambaa cha shingoni, Delmar hakutoa ushuhuda. Alihamia upande wa ndani wa benchi, akamweka Verlene upande wa njia, akamshikisha pindo la koti lake.

"Mke wangu, kazi hii nakukabidhi wewe," akasema. "Siku utakayoniona nainuka kuahidi kitu ambacho hujakiona kwa macho yako, vuta."

"Likichanika?"

"Vuta tu."