Makofi Yetu na Njia ya Ng'ombe

Juzi nilikuwa kwenye mkutano wa kijiji huko Zombo. Mtendaji akatusomea muhtasari wa mkutano uliopita, nasi tukasikia kwamba tulikubali njia ya ng'ombe ipite bondeni, katikati ya mashamba ya mpunga.

Mama mmoja anayelima hukohuko bondeni akasimama, akakaza kanga kiunoni.

"Shikamoo mwenyekiti. Hilo hatukulikubali. Naomba lirekebishwe."

"Marahaba. Lakini mlipiga makofi, mama."

"Tulimpigia mgeni wa kutoka wilayani, alipomaliza kuongea. Mgeni hapigiwi makofi?"

Kazi ya mwenyekiti hapo ni ndogo tu: atuulize wenyewe, afute kilichokosewa mbele yetu, ndipo asaini. Wa kwetu aliinua karatasi tuione.

"Nilishasaini tangu jana," akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuliko sisi. "Tusirudi nyuma. Mama ametoa mchango mzuri sana, tumpigie makofi."

Tukapiga. Mtu akisifiwa mbele za watu, utaachaje? Mama peke yake hakupiga, mikono ameibana kwapani.

Sasa nasubiri mkutano ujao, nisikie safari hii tumekubali nini.